Kutathmini Toleo Jipya la Filamu ya Kale: Mfano wa Nosferatu

Utangulizi

Filamu kongwe inapotolewa upya kwa ajili ya watazamaji wa nyumbani, swali la kwanza la wengi huwa: je, picha ni safi? Makala haya yanadai kwamba swali hilo halitoshi. Toleo jipya la filamu ni matini iliyohaririwa. Kwa hivyo, linafaa kuhakikiwa jinsi utenzi uliochapishwa kutokana na miswada kadhaa unavyohakikiwa: mhariri ametumia nakala zipi, amejaza mapengo vipi, na je, amemjulisha msomaji? Hoja hii inafafanuliwa kwa mfano wa Nosferatu, filamu bubu ya kutisha iliyoongozwa na Mjerumani F. W. Murnau na kuzinduliwa mjini Berlin tarehe 4 Machi 1922.

Usuli wa Filamu

Kampuni ya Prana-Film iliitegemeza hadithi yake juu ya riwaya ya Bram Stoker, Dracula (1897), bila idhini. Majina yalibadilishwa: Dracula akawa Orlok, na Harker akawa Hutter. Mjane wa Stoker, Florence, alishtaki, na mwaka 1925 mahakama nchini Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Baadhi zilinusurika. Kinachotazamwa leo, basi, ni masalio yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali.

Ukarabati uliokamilishwa mwaka 2006 na wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung, chini ya Luciano Berriatúa, uliegemea nakala ya Kifaransa ya mwaka 1922 iliyokuwa na rangi zake. Matokeo yake yalitolewa katika DVD mwaka 2007 na kampuni za Kino nchini Marekani na Eureka nchini Uingereza.

Rangi na Mantiki ya Hadithi

Katika enzi hiyo, mandhari ya usiku aghalabu yalipigwa picha mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya samawati ili mtazamaji aelewe kuwa ni usiku. Matoleo mengi ya bei nafuu yaliiondoa rangi hiyo. Athari yake ni kubwa. Orlok anaonekana akibeba jeneza lake katika mitaa ya Wisborg jua likiwaka, ilhali mwishoni nuru ya jua ndiyo inayomwangamiza. Mtazamaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona jua hilo halikumuua mapema?

Ikumbukwe kwamba katika riwaya ya Stoker, Dracula anaweza kutembea mchana. Kifo kwa nuru ya jua ni cha filamu. Ellen anajitoa mhanga kwa kumzuia Orlok kando ya kitanda chake hadi jogoo awike, na kafara hiyo haina maana pasipo mpaka bayana kati ya usiku na mchana. Rangi, basi, ni sehemu ya msuko wala si pambo.

Kasi na Maandishi

Hali kadhalika, kasi ya uonyeshaji huathiri maana. Filamu iliyokusudiwa fremu 18 kwa sekunde ikiendeshwa kwa 24, robo ya muda wake hupotea na wahusika huenda mbio kwa namna ya kuchekesha. Fauka ya hayo, Murnau alikusudia gari la farasi linalomchukua Hutter kuelekea ngome ya Orlok liende kwa kasi isiyo ya kawaida, kama ishara ya kuingia katika ulimwengu wa mizuka. Kila kitu kikienda mbio, ishara hiyo hufifia.

Kuhusu maandishi, baadhi ya nakala za Kiingereza zilirejesha majina ya riwaya, Orlok akaitwa Dracula tena. Toleo la 2007 linayarejesha majina ya Kijerumani. La muhimu zaidi, kadi za maandishi zilizoundwa upya zimetiwa alama ya F.W.M.S. Huo ni uadilifu wa kihariri unaolingana na ule wa mhariri wa utenzi anayeyatia mabano maneno aliyoyaongeza.

Muziki na Upungufu

Muziki wa Hans Erdmann, aliyeitungia filamu hii mwaka 1922, haukuhifadhiwa wote. Unaosikika katika toleo la 2007 ni ujenzi mpya wa Berndt Heller, na hauna budi kuchukuliwa kuwa hivyo. Aidha, ubora wa picha hubadilikabadilika, kwa kuwa mapengo yalijazwa kutokana na nakala nyingine, na mikwaruzo ingalipo. Mhakiki anayesaka usafi pekee ataziona hizo kuwa kasoro za toleo. Hata hivyo, ni dalili za historia ya filamu yenyewe, na kuzifuta kupita kiasi kungeweza kufuta pia sehemu ya picha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba toleo la filamu kongwe lipimwe kwa asili ya nakala zake, rangi, kasi, maandishi, muziki na uwazi wa wahariri wake. Kwa vigezo hivyo, toleo la 2007 linastahili sifa licha ya mikwaruzo yake. Nakala inayong'aa lakini isiyo na usiku ingekuwa duni zaidi, kwani ingemnyima Ellen sababu ya kufa. Filamu iliyoponea amri ya kuteketezwa inaweza bado kuangamizwa kwa uhariri mbovu, tena pasipo yeyote kutambua.