Rupia ya Bibi na Mizani ya Dhahabu: Namna ya Kuzitambua na Kuzipanga Sarafu za Fedha

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoiharibu rupia ya bibi yangu. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, nyeusi kama sufuria ya kuni, na mimi nikataka kumfurahisha. Nikachukua majivu, nikakamua ndimu, nikaisugua nyuma ya nyumba mpaka ikawa inameta kama kijiko kipya. Bibi aliipokea, akaigeuza mara mbili, akasema: "Umeiosha mpaka umeiondolea uso, mjukuu wangu." Nilidhani ananitania. Nilikuja kumwelewa nilipoanza kukusanya sarafu: nywele za Malkia Victoria juu ya sikio zilikuwa zimekwenda na majivu yangu.

Huku kwetu kusini mwa Maniema, mashariki ya Kongo, mtu akisema "feza" anataja pesa, hata ikiwa ni noti iliyochanika. Neno limekumbuka kile ambacho mikono imesahau: zamani pesa ya kuwekwa ilikuwa madini ya fedha. Sarafu hizo bado zimo majumbani, ndani ya vikopo, mikufuni, kwenye masanduku ya mbao. Ukijaliwa kupata moja, yafuate haya kwa mpangilio.

Kwanza: jua imepita njia gani

Rupia zilitoka pwani pamoja na misafara ya Zanzibar, kwa njia ya Tabora na Ujiji, zikavuka Ziwa Tanganyika na kupanda Kabambare hadi Kasongo, mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, uliotekwa na jeshi la Dhanis, kamanda wa mfalme Leopold II wa Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1893. Sokoni watu walibadilishana vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Sarafu ilikuwa akiba na pambo zaidi kuliko chenji. Baada ya hapo zikaja pesa za Leopold II, kisha zile za Wajerumani na Waingereza kutoka ng'ambo ya ziwa. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, waliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916. Basi usishangae kukuta wafalme wanne tofauti ndani ya kopo moja.

Utakazokutana nazo zaidi ni hizi:

Rupia ya Uhindi ya Waingereza. Ina gramu 11.66, na fedha safi ni asilimia 91.7. Hadi 1876 imeandikwa VICTORIA QUEEN; kuanzia 1877 ni VICTORIA EMPRESS. Edward VII anafuata, kichwa wazi bila taji, kisha George V mwenye taji. Angalia mwaka 1862 kwa makini: tarehe hiyo iliendelea kupigwa kwa miaka kadhaa iliyofuata, kwa hiyo sarafu yenye 1862 huenda ikawa changa kuliko inavyojitaja.

Rupia ya Wajerumani. Uzito ni uleule na kiwango cha fedha ni kilekile. Ina Wilhelm II mwenye kofia ya chuma yenye tai. Za kwanza ni za mwaka 1890.

Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya Sham. Ina gramu 28 na kidogo, fedha asilimia 83.3. Zote zina mwaka 1780, hata zile zilizopigwa jana, kwa hiyo mwaka hapo hauthibitishi umri. Tazama ukingoni: pana maandishi yaliyoinuka.

Faranga tano za Dola Huru ya Kongo, 1887 hadi 1896. Gramu 25, fedha asilimia 90, upande mmoja ndevu za Leopold, upande wa pili ngao na simba wawili. Hii ni adimu. Ukiiona, punguza mwendo.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima. Za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu. Za 1948 kuendelea hazina hata chembe.

Shilingi na florini za Uingereza yenyewe. Hapa kumbuka miaka miwili: hadi 1919 fedha ni asilimia 92.5, kuanzia 1920 hadi 1946 ni asilimia 50, kuanzia 1947 ni shaba na nikeli.

Faranga hamsini ya Kongo ya Wabelgiji ya 1944, yenye tembo, ina nusu fedha. Ile ndogo ya pembe sita ya 1943, nayo ina tembo, ni shaba ya manjano. Wengi wamenunua hii wakidhani ni ile.

Pili: pima kwa mizani ya dhahabu

Hapa sisi tuna bahati ambayo wakusanyaji wa London hawana. Eneo la Kabambare lina machimbo ya Namoya na Salamabila, na penye dhahabu pana mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Tena, tola inayotajwa na wanunuzi wa dhahabu wa mashariki ya Kongo ni gramu 11.66, uzito wa rupia moja kamili. Mnunuzi anayepima tola anapima, bila kujua, rupia ya bibi.

Mwombe akupimie, au ununue mizani yako. Rupia iliyotumika sana hupungua kidogo, ikafika 11.5 au 11.3. Ikishuka chini ya 11, uliza: imekatwa, imetobolewa, au si yenyewe?

Lakini uzito peke yake hudanganya. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920 ina gramu 11.66 pia, na fedha ni nusu tu. Rupia za Uhindi za kuanzia 1940 nazo zilishushwa hadi nusu, na ile ya 1947 ni nikeli tupu, ambayo sumaku huivuta. Kwa hiyo fanya jaribio la maji, ambalo haliumizi sarafu:

1. Pima sarafu kavu, andika uzito.
2. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri.
3. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala kando. Soma namba.
4. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo.

Rupia halisi ya Victoria ikizamishwa itaonyesha karibu 1.13, na jibu la kugawanya litakuwa karibu 10.3. Ile ya nusu fedha itaonyesha 1.2 au zaidi, jibu liwe kama 9.6 au chini yake. Shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Kama sarafu ina kitanzi kilicholehemewa, jaribio halitakuwa sahihi. Usikikate ili kulifanikisha.

Tatu: soma uso, kisha toa daraja

Kaa karibu na dirisha asubuhi. Ishike sarafu kwa ukingo, si kwa uso, ukiwa umekunja kitambaa chini yake ili ikianguka isiumie. Igeuze polepole mpaka mwanga uipige kwa ubavu. Sehemu zilizoinuka ndizo zinazoliwa kwanza. Huko ndiko daraja linakosomwa. Kwa Victoria ni nywele juu ya sikio na nakshi za vazi kifuani. Kwa Edward VII ni sikio, nyusi na ndevu. Kwa George V ni taji na vito vyake. Kwa shilingi yenye simba ni manyoya ya shingo na ubavu wa simba.

Wauzaji wa Ulaya wanaozungumza Kifaransa huandika madaraja kwa herufi, na hizo ndizo utakazoziona ukiandikiana nao. Zichukue hivi:

FDC: haijatumika. Mng'ao wa kiwandani uko kila mahali, nao huzunguka kama gurudumu ukiigeuza sarafu.
SUP: imeguswa kwenye ncha tu, nakshi zote zipo, na mng'ao umebaki pembezoni mwa herufi.
TTB: nywele zinahesabika makundi kwa makundi, lakini si uzi kwa uzi.
TB: sura inajulikana ni ya nani, nywele zimekuwa bamba moja.
B: umbo na mwaka vinasomeka, mengine yamekwenda.

Waingereza huandika F, VF, EF na UNC kwa ngazi zinazokaribiana na TB, TTB, SUP na FDC. Marekani wanatumia namba za 1 hadi 70, mfumo ulioanzishwa na William Sheldon mwaka 1949. Pande mbili zikitofautiana, andika daraja la kila upande. Na ukisitasita kati ya madaraja mawili, chagua la chini: mnunuzi atakuamini safari ya pili.

Sasa tofautisha uchakavu na usuguaji. Sarafu iliyochakaa mikononi ina uso laini na rangi ya kijivu iliyotulia. Iliyosuguliwa ina mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja, na weupe wa kupauka bila kina. Mkusanyaji mwenye jicho huiona mara moja, naye hushusha bei. Rangi nyeusi ya fedha ni ngozi yake. Ikiwa ina matope, itie katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, isuuze, iweke juu ya kitambaa ikauke yenyewe. Majivu, ndimu, mchanga na dawa ya meno viache jikoni na bafuni.

Nne: tundu na kitanzi

Sarafu nyingi za huku zilivaliwa. Zimetobolewa juu ya kichwa cha mfalme, au zimelehemewa kitanzi. Katika soko la nje hilo ni jeraha, na bei hukaribia ile ya fedha yake tu. Hesabu yake ni rahisi: uzito mara kiwango cha fedha. Rupia kamili ina kama gramu 10.7 za fedha safi. Bei ya dunia hutangazwa kwa aunsi ya gramu 31.1: igawe kwa 31.1, kisha zidisha kwa gramu za fedha safi. Hiyo ndiyo sakafu. Usiuze chini yake.

Lakini wewe unayekusanya Kasongo usilifuate soko la nje katika jambo hili. Rupia safi za Victoria ziko nyingi Bombay na London. Iliyotobolewa na sonara wa huku, ikavaliwa shingoni na mama wa huku, haipatikani kwingine. Iandike kwa ukweli, "imetobolewa", halafu uiweke mahali pa heshima.

Tano: hifadhi na karatasi yake

Unyevu wetu hauna huruma. Kila sarafu iwe na bahasha yake ya karatasi kavu, ndani ya kopo linalofunga, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Epuka plastiki laini yenye harufu. Huacha utando wa kijani.

Juu ya bahasha andika: jina la sarafu, mwaka, uzito, daraja, na chini yake imetoka kwa nani, kijiji gani, ilikuwa ikitumika vipi. Usichimbue makaburi wala mahame kutafuta sarafu, na kabla ya kutoa kitu cha kale nje ya nchi uliza ofisi ya serikali, kwani sheria ya kulinda mali ya utamaduni ipo tangu 1971.

Rupia ya bibi ninayo mpaka leo. Bahasha yake inasema: Victoria Empress, gramu 11.41, TB, imesuguliwa. Mstari wa mwisho unataja aliyeisugua.