Bei ya Motokaa Isiyotembea

Leo nataka tuchunguze jambo la hesabu na akili. Mtu akiuza motokaa ya mbio ya zamani, akasema, “Haikutembea ila maili chache, kwa hiyo nataka fedha nyingi,” twajuaje kama bei yake ni ya haki?

Mfano wetu ni McLaren F1 ya Uingereza. Ina viti vitatu, na dereva huketi katikati. Zilitengenezwa 106 tu. Mwezi wa Agosti 2021, huko Pebble Beach, Marekani, moja ya mwaka 1995 iliyokuwa imetembea maili 242 iliuzwa mnadani kwa dola 20,465,000.

Mtu mwepesi atasema, “Maili chache ndizo zilizoleta fedha hizo.” Ngojeni kwanza. Mwezi wa Agosti 2019 nyingine, iliyotembea zaidi ya maili 13,000, iliuzwa kwa dola 19,805,000. Tofauti ni dola 660,000, yaani kama tatu tu kwa mia. Kwa nini? Ile ya pili ilikuwa mojawapo ya mbili zilizotiwa na kiwanda injini ya namna ya mashindano. Basi maili ni shahidi mmoja, si hakimu.

Ili kupima bei, fuateni njia hii:

Kwanza, bei inayotajwa si bei iliyolipwa. Muuzaji aweza kutaja atakalo. Tafuteni motokaa za aina ile ile zilizokwisha uzwa karibuni, mjue zililipiwa nini.

Pili, maili zithibitishwe. Chombo cha kuhesabu maili huweza kurudishwa nyuma. Ombeni karatasi za mafundi za kila mwaka, mwone kama hesabu inapanda kwa utaratibu. Kisha tazameni usukani, kiti na vikanyagio. Vikiwa vimelika sana, na maili ni chache, ulizeni sababu.

Tatu, kusimama nako huharibu. Mipira ya magurudumu hukauka, petroli huchacha, na mafuta huvuja. Tangi la petroli la McLaren F1 hutakiwa kubadilishwa kila miaka mitano, na injini lazima itolewe kwanza. Gharama ya kazi kama hiyo, ikiwa haijafanywa, ipunguzwe katika bei.

Nne, ulizeni kama rangi ni ya kwanza, na kama namba za injini na za mwili zinalingana na karatasi.

Mimi naona kuna jambo moja zaidi. Anunuaye motokaa isiyotembea hununua na katazo pamoja nayo, kwa kuwa kila maili atakayoiendesha itakula kile alicholipia. Mwenye kutaka kuendesha na anunue iliyotembea kiasi na kutunzwa vizuri.

Ile ya maili 242 iliuzwa mpya Japani, na huko ndiko yatokako magari mengi yaliyotumika yanayoingia Uganda. Sisi hatutanunua McLaren. Lakini siku mmoja wetu atakapopeleka akiba yake ya miaka mingi kwa muuza magari, akaambiwa, “Hii haikutembea,” maswali yawe ni haya haya, nayo yaulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.