Picha ya meno ya mgonjwa, niiweke Instagram?

Swali: Mimi ni daktari wa meno, nimefungua kliniki Arusha. Vijana wangu wananihimiza niweke mtandaoni picha za wagonjwa kabla na baada ya matibabu. Inafaa?

Jibu: Ukurasa fungua, daktari, lakini usianze na picha hizo. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo unahitaji idhini ya maandishi. Tena usiiombe mgonjwa akiwa kwenye kiti, mdomo wazi na ganzi imeshika. Hapo nani atakukatalia? Kuziba macho pia hakutoshi. Mwanya na jino lililovunjika pembeni mtaa mzima unavijua, na eksirei mara nyingi ina jina kwenye kona.

Huko kwenu una jambo kubwa zaidi la kusema. Watoto wengi wa Arusha wanachekwa kwa meno ya kahawia, wakidhaniwa hawapigi mswaki. Waeleze wazazi kwamba chanzo ni floraidi nyingi kwenye maji wakati meno yanajengeka, na kwamba kuyasugua kwa mkaa kunayala tu. Video ya dakika moja kama hiyo inatibu aibu ya wengi.

Anayekutumia picha ya shavu lililovimba WhatsApp usimwandikie dawa. Kama ana homa au hamezi vizuri, mwambie aende hospitali sasa hivi. Na mgonjwa akibadili mawazo kuhusu picha yake, iondoe siku hiyohiyo.