Kanzu ya Nabii Yusuf: somo la ufahamu kwa watoto wa madrasa



Ndugu zangu, wengi wetu tunafundisha madrasa siku za mapumziko. Tunawajua watoto wanaosoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini ukiuliza nani alifanya nini, wanakutazama tu. Kutamka vizuri ni elimu na kuna thawabu zake. Kufahamu nako hufundishwa. Mtoto wa Buyenzi anaongea Kiswahili nyumbani, shuleni anakutana na Kirundi na Kifaransa, madrasa Kiarabu. Asipozoea kutafuta maana katika Kiswahili chake, hizo nyingine atazisoma kama kasuku.

Chukueni Sura ya 12, kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), aya 111. Mimi huwasimulia sehemu kwa Kiswahili chepesi, kisha naandika ubaoni sentensi tano au sita wasome wenyewe. Halafu tunafuata kitu kimoja tu: kanzu.

Mara ya kwanza ndugu zake wanaileta kwa baba yao ikiwa na damu ya uongo. Hapo nasimama. Mbwa mwitu akimla mtu, kanzu yake inabakije? Wafasiri wametaja kwamba haikuwa imechanika, na wapo watoto wanaolifikia hilo kabla hujawaambia. Mara ya pili imechanika, huko Misri, katika nyumba aliyokuwa akiishi. Usiwape jibu. Ikichanika mbele, nani mkweli? Na ikichanika nyuma? Waache wabishane, hata kelele zikiwafikia majirani; shahidi aliyetajwa ndani ya sura alitumia hoja hiyohiyo. Mara ya tatu inawekwa usoni pa Nabii Yaaqub (a.s.), naye anaona tena.

Swali la "baba yake Yusuf anaitwa nani?" mtoto analijibu kwa kunakili ubaoni. Muulize lile ambalo jibu lake halikuandikwa, ila dalili zake zipo. Kisha amsimulie mwenzake ambaye hakuwepo siku hiyo. Akiruka tukio, umejua alipopotea.

Tahadhari: tusitie chumvi. Mtoto anapokisia, azoee kusema "nadhani", asije akakihesabu kisio chake kuwa ni maneno ya Qur'an. Ukitaka wabuni mwisho wao wenyewe, Sungura na Fisi wapo, wala hawatalalamika.

Wabillahi tawfiq.