Selimundu na Uhariri wa Jeni

Swali: Je, ni kweli kwamba selimundu sasa hutibiwa kwa kuhariri jeni?

Jibu: Ni kweli, ingawa tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, hairekebishi jeni yenye kasoro kama wengi wanavyodhani, bali hukata sehemu ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo baada ya kuzaliwa huzima himoglobini ya kijusi, yaani protini inayobeba oksijeni mtoto akiwa tumboni, ili irejee na kuzuia chembe nyekundu za damu zisijipinde kama mundu. Seli shina za mgonjwa huhaririwa maabarani, kisha hurudishwa mwilini baada ya uboho kuteketezwa kwa dawa kali, zinazoweza kuathiri uwezo wa kuzaa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, ilhali haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoongeza himoglobini hiyohiyo, ni nafuu mno.