Nani Gaidi? Majina ya Vurugu za Kisiasa kutoka Chetambe hadi Mlima Elgon

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba neno gaidi hubeba msimamo wa msemaji kabla ya kubeba tendo lenyewe. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2012 ilijaribu kufasili tendo. Watu, kwa upande wao, humfasili mtendaji kwanza. Mifano imechotwa hasa katika Lugulu na maeneo yanayoizunguka, ambako historia imetuachia mingi.

Tuanzie Chetambe, karibu na Webuye. Mwaka 1895 Wabukusu walishambuliwa katika ngome yao na kikosi kilichoongozwa na Mwingereza C. W. Hobley. Wakoloni waliuita huo msafara wa kuadhibu. Kitenzi kuadhibu kinachukulia kwamba mwadhibiwa alikwisha kukosa na kwamba aadhibuye ana mamlaka juu yake. Kesi imekatwa ndani ya kitenzi. Mwaka 1947 Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake hapo kuwakumbuka waliouawa. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi hao kule Malakisi, wakaua watu 11. Kilichopigwa marufuku mwaka huo ni Dini ya Msambwa. Msomaji asidhani kwamba mkoloni peke yake ndiye aliyekuwa na mazoea hayo: serikali huru nayo iliipiga dini hiyo marufuku mwaka 1968.

Mau Mau ni mfano unaojulikana zaidi. Chama hicho kiliharamishwa mwaka 1950, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 2003. Dedan Kimathi alinyongwa mwaka 1957 akiitwa gaidi. Mwaka 2007 akasimamishiwa sanamu jijini Nairobi. Yaliyotendeka msituni yalikuwa yale yale. Aliyebadilika ni mwenye kutaja.

Wengi hukomea hapa na kutamka kwamba gaidi wa huyu ni shujaa wa yule. Kwa maoni yangu huo ni uvivu wa kufikiri, na Mlima Elgon unatuonyesha sababu.

Kufikia mwaka 2006, mzozo wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk ulikuwa umezaa kundi la SLDF, yaani jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaoti. Waliowaunga mkono wapiganaji hao waliwaita toyomeek, vijana wa nyumbani. Wengine waliwaita Janjaweed, jina lililoletwa na habari za Darfur. Kwa mujibu wa ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2008, kundi hilo liliua zaidi ya watu 600, na kuwakata masikio waliolipinga. Wengi wa waliouawa walikuwa majirani, na Wasabaoti wenyewe walikuwa miongoni mwao. Machi 2008 jeshi la taifa lilipanda mlimani. Ripoti hiyo hiyo inaeleza jinsi wanaume walivyokamatwa kwa wingi na kuteswa kambini, na wengine hawakuonekana tena.

Operesheni hiyo iliitwa Okoa Maisha. Mwanafunzi wa sarufi na alitazame jina hili. Ni kitenzi cha kuamuru ambacho kiima chake hakitajwi, na yambwa isiyo na mwenyewe: maisha ya nani? Jina la SLDF nalo linatetea ardhi. Upande mmoja unalinda, wa pili unaokoa, na katika majina yote mawili aliyekatwa sikio na aliyepigwa kambini hawana nafasi ya kisarufi. Ndiyo maana napendekeza tunapochambua usemi wa vurugu, tuanze na yambwa: ni nani aliyetendwa, na alitendwa nini? Swali hilo halimwulizi mtendaji ana sare au hana, wala kama madai yake ya ardhi yalikuwa ya haki. Madai ya Chebyuk huenda yalikuwa na haki ndani yake. Sikio lililokatwa halirudishwi na haki hiyo.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya nyanjani. Simulizi za wajane wa Cheptais na Kopsiro zikusanywe kwa Kisabaoti na Kibukusu kwanza, kisha zitafsiriwe kwa Kiswahili, tukichunga neno ambalo kila msimulizi amemwitia aliyemdhuru.