KUSOMA SI KUKARIRI

Tuchukue mfano. Ni jioni katika kijiji kimoja karibu na Tunduma. Mama amemaliza kupika. Mtoto wake wa darasa la pili anafungua kitabu na kusoma kwa sauti: "Mama analima mahindi shambani." Anasoma haraka, bila kukwama. Mama anafurahi.

Mama huyu naye anahudhuria darasa la kisomo. Anafuata maneno kwa macho. Mara anaona kwamba kinywa cha mtoto kimefika mwisho wa sentensi, lakini kidole chake kingali kwenye neno la pili. Mama anaonyesha neno "mahindi".

"Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Mtoto anarudi mwanzo: "Mama... analima... mahindi."

Mama anafunika maneno yote, anaacha "shambani" peke yake. Mtoto ananyamaza.

Mtoto huyu hasomi. Amekariri. Daftari lake ni safi, kwa sababu ananakili vizuri kutoka ubaoni. Lakini kunakili ni kama kuchora. Mtu aweza kuchora herufi asizozijua.

Kwa nini hutokea hivi?

Sababu ya kwanza ni wingi wa watoto. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 ukaanza mpango wa elimu bila malipo. Watoto wengi waliandikishwa. Hilo ni jambo jema. Lakini darasa likijaa, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto peke yake kila siku. Watoto wakisoma pamoja kwa sauti, asiyejua hujificha ndani ya sauti za wenzake.

Sababu ya pili ni lugha. Katika Mkoa wa Songwe watoto wengi husikia kwanza lugha ya nyumbani. Wengine husikia Kinyiha, wengine Kindali au Kilambya. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, Tanzania na Zambia. Shuleni mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akisoma neno asilolijua maana yake, analitamka tu. Halimwambii kitu.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini Tanzania. Siku hizo, katika Kanda ya Ziwa, vitabu vya kisomo vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba, migomba, uvuvi na ufugaji. Mtu hujifunza upesi kusoma neno analolitumia kila siku. Mtoto naye ni vivyo hivyo.

Mwalimu hufundishaje?

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulitilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwanza mtoto husikiliza sauti. Kisha huonyeshwa herufi ya sauti hiyo. Halafu huunganisha herufi kupata silabi: m na a ni "ma". Silabi huunganishwa kuwa maneno, na maneno kuwa sentensi. Kiswahili kina bahati: karibu kila neno huandikwa kama linavyotamkwa. Mtoto akizishika silabi, aweza kusoma hata neno ambalo hajapata kuliona.

Namna ya kusaidia nyumbani

1. Mwambie mtoto aweke kidole chini ya kila neno anapolisoma. Kinywa kisitangulie kidole.

2. Funika picha. Kisha muulize maneno bila kufuata mpangilio: la mwisho, la kwanza, la katikati.

3. Andika silabi nne chini kwa kijiti: ma, ka, la, pa. Kwa silabi hizo mtapata mama, kaka, lala, paka na kama. Kisha andika "pamala". Neno hili halina maana. Mtoto akiweza kulisoma, basi anasoma kweli, kwa kuwa hakuweza kulikariri.

4. Tumia maneno anayoyaona: kahawa, lori, reli, soko. Kila mtoto wa Tunduma anajua neno "mpaka". Lisomeni: m-pa-ka. Ondoeni m. Limebaki neno gani?

5. Neno likiwa geni, mweleze maana yake kwa lugha ya nyumbani. Usimkataze lugha hiyo. Ndiyo daraja la kumvusha.

6. Mtoto akichanganya b na d, au akiandika "kula" badala ya "kura", usimpige wala usimcheke. Mwandikie maneno yote mawili. Yasomeni pamoja na kueleza tofauti yake.

Dakika kumi kila jioni zinatosha. Ukiona mtoto bado hawezi, usingoje mwisho wa mwaka. Nenda ukamwone mwalimu wake. Mweleze ulichokiona, bila ugomvi. Kuanzia darasa la tatu masomo huongezeka, na yote yanataka kusoma. Asiyejua kusoma atashindwa sayansi na hata hesabu za maneno, si kwa kukosa akili, bali kwa kutoweza kusoma swali.

Yule mama hakumkaripia mtoto wake. Alichukua kijiti, akaandika chini: "sha". Kisha "mba". Kisha "ni". Mtoto akasoma moja moja, polepole. Halafu akaziunganisha mwenyewe.

Maswali

1. Mama alijuaje kwamba mtoto wake amekariri?
2. Kwa nini daftari safi si ushahidi kwamba mtoto anajua kusoma?
3. Lugha ya nyumbani inawezaje kumsaidia mtoto?
4. Andika maneno matano ukitumia silabi hizi: ka, ta, li, ma, sa.
5. Leo jioni msikilize mtoto mmoja akisoma. Kesho lieleze darasa ulichokiona.